Msitukabidhi uwanja mkaondoka: barua ya wazi kwa wanaogawa ruzuku za soka la mchangani

Kwenu mnaosimamia mifuko ya ruzuku ya soka: FIFA na mashirikisho ya mabara, vyama vya soka vya nchi, wizara za michezo, halmashauri, na taasisi za hisani zinazochangia viwanja na miradi ya jamii.

Waheshimiwa,

Salaam. Mimi ni katibu wa klabu ya mchangani. Kazi hii haina mshahara. Ni kushika daftari la majina, mfuko wa mipira na ufunguo wa stoo, na kubaki uwanjani jioni mpaka mzazi wa mwisho afike kumchukua mwanawe. Katika kazi hiyo nimejaza fomu za ruzuku, nimekataliwa, nikakubaliwa mara moja, na nikaona kilichofuata baada ya kukubaliwa. Hicho kilichofuata ndicho kimenifanya niandike.

Uwanja wetu uliwekwa nyasi bandia kwa fedha za mfuko mmoja ambao sitautaja, maana sikuja kumchongea mtu. Siku ya makabidhiano palikuwa na turubai, spika, jezi mpya na utepe. Watoto waliambiwa wavue viatu kwanza ili walionje zulia kwa nyayo, wakavua, wakalikimbilia peku huku wakipiga kelele. Mimi nilisimama kwenye kona, machozi yakanitoka. Nilikulia kwenye uwanja wa vumbi na kokoto, mahali ambapo kujirusha kuokoa mpira maana yake ni kurudi nyumbani na nyonga iliyochubuka. Kuwaona watoto wetu wakijirusha bila woga kulinigusa kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Shukrani zangu kwa siku ile bado zipo, wala barua hii haizifuti.

Sasa nieleze jinsi nyasi bandia zinavyoishi, kwa sababu nadhani wengi mnaoidhinisha fedha zake hamjawahi kuzipigia magoti. Zulia huja kwa mikanda mirefu inayounganishwa kwa gundi upande wa chini, kisha humwagiwa mchanga na chembechembe za mpira ili majani yasimame na mguu usikutane na pagumu. Kila mechi inazihamisha chembe hizo. Golini anaposimama kipa na kwenye alama ya penalti ndiko zinakoisha kwanza. Zisiporudishwa, na zulia lisipopigwa brashi mara kwa mara, majani yanalala, njumu zinafika hadi kwenye mshono, na mshono unaanza kuachia. Brashi ya kukokotwa haikuwa kwenye bajeti yetu. Chembe za kuongezea hazikuwamo. Mtu wa kuifanya kazi hiyo hakuwamo pia.

Kwa hiyo aliifanya mzee mmoja aliyejitolea, sote tunamwita Babu. Alikuja alfajiri na ufagio na ndoo, akazifagia chembe zilizojikusanya pembezoni kwenye uzio, akazibeba hadi golini na kuzisambaza kwa kiganja. Nilimwona anavyopima: anachomeka kidole cha shahada, na chembe zisipofika kwenye kiungo cha kwanza anaongeza. Hakuna aliyemfundisha. Kwa miaka mitatu kidole cha Babu ndicho kilichokuwa mpango wetu wote wa matengenezo. Kisha akaugua miezi kadhaa, na mshono wa karibu na boksi ukafunguka kama mdomo. Winga wetu wa miaka 13, binti mwenye kasi ambayo sijaiona tena, akanasa njumu pale akiwa mbio. Nilimbeba mwenyewe. Kifundo kilipona, ila ile kasi hakurudi nayo, na baadaye akaacha kuja.

Tukaufunga kwa kamba nusu ya uwanja, tukauandikia mfuko. Tuliambatanisha picha, tukaeleza kwamba hatuombi uwanja mwingine, tunaomba fundi, gundi na chembe. Jibu lilikuwa sentensi moja: mradi huo ulishafungwa.

Waheshimiwa, neno hilo ndilo ninalolishtaki. Kwenu mradi unafungwa siku uwanja unapofunguliwa. Ripoti inaandikwa, picha inapigwa, hesabu zinakaguliwa, jalada linarudi kabatini. Kwetu siku hiyo ndiyo ya kwanza. Zulia likitunzwa vizuri hudumu takribani miaka 10. Lisipotunzwa huharibika mapema sana, na likiharibika ni hatari kuliko vumbi, kwa sababu vumbini mtoto anajua aangalie anapokanyaga.

Siji kwenu kulia kwamba fedha hakuna. Zipo. Mei 2015 viongozi kadhaa wa soka walikamatwa Zürich kwa tuhuma za rushwa, na mwaka uliofuata FIFA ikaanzisha mpango wake wa Forward, ikiahidi fedha zaidi kwa vyama wanachama na ukaguzi mkali zaidi. Katika awamu ya 2023 hadi 2026 kila chama kati ya vyama 211 kinaweza kupata hadi dola milioni 8: hadi milioni 5 za uendeshaji na hadi milioni 3 za miradi. Ulaya ina HatTrick, mpango wa ruzuku wa UEFA, shirikisho la soka la bara hilo, tangu 2004, unaolishwa na mapato ya mashindano ya mataifa ya Ulaya. England, taasisi ya kufadhili viwanja ya Football Foundation imekuwapo tangu 2000, ikichangiwa na Ligi Kuu, chama cha soka na serikali. Ninachouliza ni fedha hizo zinafika umbali gani, na zikifika zinakaa kwa muda gani.

Tazameni Iceland, nchi ambayo watu wake walikuwa kama 330,000 tu ilipofika robo fainali ya Euro 2016 na kisha kucheza Kombe la Dunia la 2018. Wengi walishangilia makofi ya mashabiki wao. Mimi nilitafuta habari za viwanja vyao. Kuanzia mwaka 2000 walijenga kumbi kubwa za ndani zenye uwanja mzima, kwa sababu baridi ilikuwa inawanyima watoto nusu ya mwaka, na baadaye wakatandaza viwanja vidogo vya nyasi bandia vinavyofikia mia na ushee, vingi vikiwa kando ya shule. Kuviweka kando ya shule lilikuwa jambo la busara kubwa. Uwanja wa shule una mlinzi, una maji, una mwalimu anayeuona kila asubuhi, na una mwenyewe anayeulizwa ukichakaa. Kisha wakamwaga makocha wenye leseni katika timu za watoto. Ujerumani nako, baada ya Kombe la Dunia la 2006, chama cha soka kilijenga viwanja vidogo 1,000 vya mita 20 kwa 13, navyo vingi vikaenda shuleni. Hakuna aliyehitaji jukwaa la mashabiki wala geti lenye nguzo za mapambo.

Nasema hivi kwa sababu fomu zenu zinapenda vikubwa. Sheria za mchezo zinaruhusu uwanja wa urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, na waombaji wengi, sisi tukiwamo, tumejikuta tukiomba ukubwa wa juu kabisa kwa kuwa tuliamini ndio utakaowavutia wasomaji wa fomu. Watoto wa miaka 9 wanaocheza saba kwa saba hawahitaji hata nusu yake. Uwanja mdogo unaotunzika ungetufaa zaidi, na hakuna mtu katika mchakato wote aliyetuuliza tutautunza vipi. Swali hilo lingetuokoa.

Hata nyasi bandia zenyewe si lazima. Mahali penye mvua ya kutosha na udongo unaonyonya maji, uwanja wa nyasi za kupandwa uliosawazishwa, ukachimbiwa mifereji ya kutoa maji, ukapewa mashine ya kukata na mtu wa kuijua, ni mzuri mno kwa timu chache. Hauwezi kubeba mechi kutwa kucha, hilo ni kweli, na ndiyo maana penye timu nyingi zulia lina hoja. Lakini mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha marufuku ya kuuza chembe za plastiki za kumwagia viwanjani, zikiwamo hizi za mpira, kwa kuwa zinasombwa hadi kwenye udongo na maji, ukatoa miaka 8 ya kujiandaa. Mnaofadhili viwanja vya zulia leo mnapaswa kumwambia mwombaji atajazia nini kesho, na kama gharama yake ataiweza. Msimwachie agundue mwenyewe.

Narudi kwenye fomu, kwa kuwa hapo ndipo klabu nyingi zinapofia.

Mnadai hati ya ardhi au mkataba mrefu wa upangaji. Naielewa sababu: hamtaki kumwaga fedha mahali ambapo kesho patajengwa maduka. Ila klabu yenye hati mkononi tayari ina nusu ya usalama inaouhitaji, na ile inayocheza kwenye eneo la wazi ambalo kila mtu analitolea macho ndiyo haipiti hata hatua ya kwanza. Nyinyi mnapokelewa ofisi ambazo katibu wa mchangani huishia mapokezi. Kaeni na halmashauri, kaeni na shule, mkataba usainiwe na wao mkiwa mashahidi, ndipo mseme ruzuku itafuata. Wapo viongozi watakaolinda kiwanja kwa sababu tu mmeonyesha kukitaka.

Mnadai pia tulipe kwanza kisha mturejeshee. Klabu ambayo nauli ya mechi ya ugenini inachangishwa kwa kofia haiwezi kumlipa mkandarasi ikasubiri miezi. Kinachotokea nimekiona kwa macho: anajitokeza mtu mwenye fedha, analipa yeye, na tangu siku hiyo uwanja ni wake. Anaamua nani anacheza. Lipeni kwa awamu, kila hatua ikikaguliwa, moja kwa moja kwa anayefanya kazi. Ukaguzi mkali tunautaka kuliko mnavyodhani. Sisi ndio tunaoumia fedha ikiliwa njiani.

Kuna jambo moja linanikera kwa uzito wake. Magoli. Goli la kawaida lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na likiwa la kuhamishika linapaswa kufungwa imara ardhini. Sheria ya kwanza ya mchezo inahusu uwanja wenyewe, na suala hili limo humo. Katika nchi mbalimbali watoto wamekufa kwa kuangukiwa na magoli waliyoning'inia mtambaapanya. Hata hivyo nimepokea magoli ya msaada yaliyoletwa bila vigingi wala uzito wa kuyashikilia nyuma, na aliyeyaleta akaondoka baada ya picha. Tuliyafunga kwa matairi yaliyojazwa mchanga. Tafadhali, msilipie goli ambalo halikuja na cha kulishika.

Sasa wasichana. Nitakaa hapa kidogo.

Tarehe 26 Desemba 1920, watu 53,000 walijaa Goodison Park, Liverpool, kuwatazama Dick, Kerr Ladies, timu ya wanawake iliyoanzia kiwandani. Mwaka haukuisha. Tarehe 5 Desemba 1921 chama cha soka cha England kikaziagiza klabu zake zisiwaruhusu wanawake kutumia viwanja vyao. Angalieni namna walivyoliandika: hawakuwakamata, hawakuwanyang'anya mipira, waliwafungia mageti. Ilitosha. Katazo hilo lilidumu nusu karne, hadi miaka ya 1970 ilipoanza. Chama cha Ujerumani nacho kilikuwa na katazo lake kuanzia 1955 hadi 1970. Vipaji vya vizazi viwili vikapotea kwa kukosa mahali pa kukanyaga tu.

Leo hakuna katazo kama hilo kwenye makaratasi. Lipo kwenye ratiba. Kwetu wasichana walipewa saa moja ya mwisho jioni, chini ya taa. Taa mbili zilipoungua na fedha ya balbu ikakosekana, saa iliyokufa ilikuwa ile yao. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kuwafukuza. Giza ndilo lililoamua, na sisi wakubwa tukaliacha liamue kwa majuma sita, nami nikiwa mmoja wao. Wachezaji 22 walibaki 9. Balbu mbili! Fikirini ni wangapi wamepotea namna hiyo, kimyakimya, kwenye viwanja ambavyo katika ripoti zenu vimeandikwa kuwa vinahudumia jinsia zote.

Kwa hiyo wekeni sharti linaloonekana: ratiba ya saa za wasichana, za watoto na za watu wenye ulemavu ibandikwe getini, na saa hizo zisiwe makombo ya usiku. Choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani na chumba cha kubadilishia nguo viingie kwenye ramani kabla ya uzio. Na anayekuja kukagua asihesabu nguzo za taa, ahesabu ni saa ngapi kwa juma msichana amecheza.

Kuhusu miradi ya jamii nitasema kwa kifupi. Siku hizi fomu ya uwanja haipiti bila kuahidi kwamba mpira utamaliza uhalifu, dawa za kulevya, utoro shuleni na mimba za utotoni, vyote ndani ya miezi 18. Tunaandika hivyo kwa sababu tunahitaji uwanja, na tukishaandika tunaanza kutafuta takwimu za kujaza ripoti. Msitufikishe huko. Mpira unafanya kazi yake polepole, ukiambatana na kitu kimoja cha kweli ambacho watu wa mahali hapo wamekichagua. Mathare, Nairobi, chama cha vijana cha MYSA kilichoanzishwa 1987 kilifanya jambo jepesi kulieleza: timu inayoshiriki kusafisha mitaa inapata pointi kwenye ligi, sawa na inavyopata pointi kwa kushinda. Vijana walizoa taka kwa sababu msimamo wa ligi ulikuwa na maana kwao. Wazo lile lilitoka kwenye mazingira yao wenyewe. Tuulizeni sisi shida yetu ni ipi, mtupe muda, na mkubali tukirudi kuwaambia kwamba jambo la kwanza halikufaulu.

Lipo pia fungu ambalo ni letu kwa haki na halitufikii. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji wa kulipwa anapouzwa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Tangu Novemba 2022 kuna ofisi maalumu ya malipo hayo, FIFA Clearing House. Lakini klabu inayomlea mtoto miaka minne bila kumsajili kwenye mfumo wa chama haipo kwenye kumbukumbu zake, na isiyo kwenye kumbukumbu hailipwi. Daftari langu lina majina ambayo leo yanatajwa redioni. Daftari halitambuliki. Ruzuku ndogo ya kompyuta moja, intaneti na mafunzo ya usajili kwa makatibu wa klabu ndogo huenda ikazirudishia klabu hizo fedha ya kutunza viwanja vyao bila kuwaomba tena. Sijui ruzuku nyingine inayoweza kujilipa hivyo.

Ombi langu kuu ni hili. Kila ruzuku ya kujenga uwanja izaliwe na ruzuku ya kuutunza kwa miaka 10. Fungu hilo lisikabidhiwe lote siku ya kwanza, litoke mwaka kwa mwaka baada ya mtu wenu kufika na kuukanyaga uwanja. Lilipe posho ya mtunza uwanja na mafunzo yake, vifaa vyake, maji, balbu, chembe, gundi, na liweke kidogo pembeni kwa ajili ya siku zulia litakapobadilishwa. Wapo wafadhili wanaomtaka mwenye uwanja aweke akiba hiyo kila mwaka, na wanafanya vyema, lakini klabu isiyo na kiingilio wala mpangaji itaitoa wapi? Ikiwa kwa mpango huu fedha mlizonazo zinajenga viwanja 6 badala ya 10, jengeni 6. Najua nasema hivyo nikiwa mwenye uwanja tayari, na najua katibu wa klabu ya saba atakasirika. Ningekasirika mimi. Lakini nimeishi na uwanja uliokufa huku watoto wakiutazama kupitia uzio, na sitaki naye akabidhiwe wa namna hiyo.

Babu amepona na amerudi. Mshono tuliushona wenyewe kwa uzi wa kamba ya nyavu, na kila Jumamosi asubuhi tunaukagua kabla ya mtoto yeyote kuingia. Njooni siku yoyote isiyo na hafla. Msitume taarifa mapema, maana tutafagia. Ufunguo wa geti ninao mimi, na Babu atawaonyesha mahali pa kuchomeka kidole.

Wenu,
Katibu wa klabu ya mchangani